Mume wa Kuazima

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya nyumba ndogo na meseji za usiku wa manane. Kuna mgeni mwingine anayekaa kati ya watu na wapenzi wao, na huyu hasahau hata hereni kwenye gari ukamshtukia. Ni kadi ya ndege.

Nazungumzia zile programu za wasafiri wa mara kwa mara. Unaanza mtu wa kawaida, ukipanda sana ndege unaitwa Silver, halafu Gold, halafu Platinum, na mtu mzima na akili zake anaona raha kuitwa hivyo. American Airlines walianzisha yao tarehe 1 Mei 1981, wenzao wakaiga fasta. Sisi huku nasi tumo. Wa Dubai wanahesabu Skywards ya Emirates, wa Amsterdam na Paris wanahesabu Flying Blue, iliyoundwa mwaka 2005 baada ya Air France na KLM kuungana.

Kwangu ni hiyo Flying Blue. Tunaishi Mpanda, na mwenzangu kazi yake ni asali. Kama hujui, asali ya miombo ya huku Katavi, hasa ya upande wa Inyonga, si ya kubeza, na Wazungu wanaitaka. Kwa hiyo jamaa anapanda ndege Dar hadi Amsterdam, anaunganisha Hamburg, anaonana na wanunuzi, anarudi. Shoga yangu mmoja wa Makanyagio anamwita mume wa kuazima.

Sasa hesabu yake iko hivi. Tangu Aprili 2018 Flying Blue hawakupandishi ngazi kwa maili, wanatumia pointi wanazoziita XP. Dar hadi Amsterdam siti za kawaida ni pointi 10. Amsterdam hadi Hamburg ni 5. Kwenda na kurudi unapata 30. Silver inataka 100, Gold 180, Platinum 300, na una miezi 12 tu. Gawanya mwenyewe: safari sita nzima kwa mwaka ili ubaki na Gold. Anayelipiwa daraja la biashara pointi zake zinazidishwa mara tatu, ndiyo maana mabosi hawana presha. Sisi wa siti za nyuma tunazitolea jasho.

Na kutoka Mpanda hadi Dar? Sifuri. Ndege zinazotua kwetu hazimo kwenye umoja wa SkyTeam, kwa hiyo kipande kinachomchosha kuliko vyote hakihesabiwi. Siku hakuna ndege kuna basi la kupitia Inyonga na Sikonge hadi Tabora, au treni ya kupitia Kaliua, reli iliyofika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Hakuna anayekupa pointi kwa kukesha Kaliua. Kwenye uwanja wetu wa ndege, kadi ya Gold na kadi ya kliniki ni mamoja.

Msinielewe vibaya, raha yake naijua. Mwaka 2023 alinichukua tukaenda wote. Mwenye Gold kwenye safari za kimataifa anaingia launji na mgeni mmoja, na mgeni nilikuwa mimi. Pale Schiphol nilikunywa supu ya moto, nikaoga, nikabadilisha blauzi, nikapanda ndege ya Hamburg kama bi harusi. Launji ni tamu, asikudanganye mtu.

Basi njoo Novemba 2024. Safari zilikuwa tano, pointi 150. Mwaka wake wa kuhesabu unafungwa Desemba. Zimebaki 30. Wanunuzi hawana shida naye, mzigo umeshaondoka. Tunakula usiku, akaniambia kwa sauti ya chini: “Mama watoto, nafikiria nirushe moja ya haraka. Nalala siku mbili, narudi.”

“Unaenda kufanya nini?”

“Nisishuke.”

Nikachukua kalamu. Tiketi ya Ulaya inazidi milioni mbili. Ongeza ndege ya ndani kwenda na kurudi, ongeza gesti ya Dar ya kusubiria. Na huo ndio mwezi wa mvua za kwanza. Huku msimu wetu ni mmoja, Novemba hadi Aprili, ukichelewa kupanda mahindi umechelewa, na shamba linataka mbegu, mbolea na mtu wa kusimamia vibarua. Halafu nikageuza karatasi nikaandika hesabu yangu mimi: zile safari tano zilikuwa zimekula usiku 71. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameanza kuuliza “baba anakuja kesho?” hata baba akiwa bafuni anaoga.

Nilidhani atatetea launji. Wala. Alisema: “Pale nikifika wananiita kwa jina.”

Hapo nikanyamaza. Huyu ni kijana aliyekulia Inyonga, amebeba mizinga kichwani. Kila mwaka anahojiwa visa kama mwizi wa kuku, onyesha benki, onyesha cheti cha ndoa, onyesha utarudi. Halafu mahali fulani mtu anamwangalia usoni, anamwambia karibu tena, bwana fulani. Jamani, hiyo inatibu. Wanawake wenzangu, kabla hujamcheka mumeo kwa kadi yake, muulize inamtibu nini.

Lakini nikamwambia ukweli. Wanaokuita kwa jina wanalisoma kwenye kompyuta. Mwaka 2020, Corona ilipofunga viwanja, kampuni nyingi za ndege ziliwaongezea wateja wao hadhi bila wao kupanda ndege hata moja. Barua pepe moja, umebaki Gold. Sasa kitu wanachoweza kukupa bure wakitaka, wewe unakinunua kwa milioni mbili na usiku wa wanao?

Tena kushuka kwenyewe si kuanguka. Flying Blue inakushusha ngazi moja moja, Gold anakuwa Silver. Launji na mgeni wako vinakwenda, lakini kupita mbele kwenye kaunta kunabaki. Na maili za kununulia tiketi haziguswi, ule ni mfuko mwingine kabisa. Ukiwa Silver au zaidi haziozi. Ukirudi mtu wa kawaida ndipo saa inaanza kugonga. Halafu kuna kitu wengi mmekilalia, Flying Blue Family: watu wazima wawili na watoto hadi sita wanaweka maili kwenye kapu moja. XP haziingii humo, maili tu. Sisi tulifungua kapu usiku uleule, mezani, sahani hazijatolewa.

Kama ofisi inalipa na safari ina kazi, panda, pointi zikija zije. Lakini kama ni mfuko wenu wenyewe, mwenzako ana haki ya kuiona hesabu kabla tiketi haijakatwa. Kwetu ilichukua siku tatu za kununiana kidogo, sitaficha.

Hakwenda. Mahindi yalipandwa kwa wakati. Desemba ujumbe ukaingia, Silver, na siku nzima hakusema kitu, akawa anatengeneza banda la kuku ambalo halikuwa na tatizo. Februari alisafiri tena, safari ya kazi kweli, akanipigia kutoka Schiphol akiwa kwenye viti vya watu wote, analalamikia bei ya chai mpaka nikacheka.

Maili za kapu zinakaribia kutosha tiketi yangu. Tunabishana mwezi, yeye anataka Mei, mimi nataka Julai watoto wakiwa likizo kwa bibi yao. Na picha ya ile kadi ya Gold bado iko kwenye simu yake. Niliiona nikitafuta picha za shamba. Sijamwambia kitu.