Mwambao wa Rumonge Wahitaji Wapimaji Wake

Kwa miaka kadhaa sasa Ziwa Tanganyika limekuwa likitukumbusha sisi wa ukanda wa Imbo kwamba ukingo wake si kitu kilichosimama. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaingia Gatumba, na maelfu ya watu wakahama makwao. Mwaka 2021 ziwa lenyewe lilipanda, na mwaka 2024 likakaribia kimo cha mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Kutoka Bujumbura kuteremka barabara ya taifa namba 3 hadi Rumonge na Nyanza-Lac, maji yaliingia katika nyumba, katika mashamba, katika hoteli za pwani na mahali ambapo wavuvi hupandisha mitumbwi yao.

Maji yakishapungua hubaki swali ambalo ni la sheria kuliko la hali ya hewa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa ulinzi wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ni sheria njema, nami sina neno juu yake. Lakini mita 150 hazina budi kuanzia mahali fulani, na mahali hapo ndipo panapohama. Mwananchi mwenye kiwanja Rumonge, akiambiwa kwamba nyumba yake imo ndani ya ukanda uliokatazwa, ana haki ya kuuliza: maji yalifika wapi, siku gani, na nani aliyeyapima? Alama ya tope ukutani haitoshi kuwa jibu, kwa yule anayetaka kuibomoa nyumba wala kwa yule anayetaka kuitetea.

Ushahidi wa jibu hilo upo. Unapigwa picha kutoka angani kila siku, na vyuo vikuu vimefunguliwa mlango wa kuupata bila malipo. Tunachokihitaji ni wasomi wetu wenyewe, waliojifunza kuusoma na kuuhoji ushahidi huo.

Picha za namna hii zilianza zikiwa siri ya majeshi. Mwezi wa Agosti 1960 Marekani ilifaulu kwa mara ya kwanza kupata filamu iliyopigwa na setilaiti ya upelelezi: chombo chenye filamu kiliangushwa kutoka angani kwa mwavuli, na ndege ikakidaka kabla hakijagusa bahari. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1972, na picha zake hazikutolewa hadharani mpaka mwaka 1995. Mwaka huohuo wa 1972 ilirushwa setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyokusudiwa matumizi ya raia, na tangu mwaka 2008 hazina yote ya Landsat hutolewa bure. Nchi za Ulaya nazo zilirusha Sentinel-2 kuanzia mwaka 2015. Hizo hutoa bure picha ambazo kila pikseli yake ni mraba wa mita 10 ardhini, nazo hurudi mahali palepale kila baada ya siku 5.

Picha za kila siku zilikuja baadaye. Tarehe 15 Februari 2017 roketi moja ya India ilibeba setilaiti 104 kwa safari moja, na 88 kati ya hizo zilikuwa mali ya kampuni ya Planet ya San Francisco, kila moja ikiwa ndogo kiasi cha kubebwa mikononi. Kabla ya mwaka huo kwisha kampuni hiyo ilikuwa na uwezo wa kuipiga picha nchi kavu yote ya dunia karibu kila siku, kwa pikseli za mita 3 hivi. Picha hizo huuzwa, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi. Hata hivyo kampuni imeweka mpango wa elimu na utafiti: mwanafunzi au mwalimu hujiandikisha kwa anwani ya barua-pepe ya chuo chake, hueleza utafiti wake, huahidi kutofanya biashara, kisha hupewa ruhusa ya kuchukua eneo lenye kikomo kila mwezi. Kiwango cha kawaida kimekuwa kilometa za mraba 3,000 kwa mwezi.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi hukwama siku ya kwanza. Mwambao wa Burundi una urefu wa kilometa 160 hivi. Ukichukua ukanda wa upana wa kilometa 5 tu kutoka Rusizi hadi mpaka wa Tanzania, umeshachukua kilometa za mraba 800. Siku ya nne fungu lako la mwezi mzima limekwisha, na hujajua lolote. Lakini ukijizuia ukachagua mji wa Rumonge na ukingo wake, kilometa 10 kwa 5, ni kilometa za mraba 50; unaweza kuuchukua kila siku ya mwezi na bado ukabakiwa na nusu ya fungu. Kujua unachotafuta kabla ya kufungua kompyuta ni nusu ya elimu hii.

Kwa nini basi mtu ahangaikie mita 3 wakati mita 10 na mita 30 zapatikana bure bila kikomo? Kwa sababu ya ulaini wa mteremko wetu. Tuseme mahali fulani pwani ardhi hushuka mita 1 kwa kila mita 100. Ziwa likipanda sentimeta 30, ukingo husogea mita 30 kuingia barani. Kwenye picha ya Landsat hiyo ni pikseli moja, nayo yaweza kuwa kosa tu la upimaji. Kwenye Sentinel-2 ni pikseli tatu. Kwenye picha ya mita 3 ni pikseli kumi, na hapo mpimaji anaweza kusimama mbele ya watu akasema: tarehe hii maji yalikuwa hapa. Kwa mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, tofauti hiyo ndiyo nyumba yake yote.

Hata hivyo picha ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Kompyuta hutambua maji kwa njia rahisi: maji huunyonya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, na majani huurudisha kwa wingi. Programu huchukua kipimo cha mwanga wa kijani, ikatoa kile cha infraredi, kisha ikagawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jibu likizidi sifuri, mahali hapo hudhaniwa kuwa maji. Nasema hudhaniwa. Mto Murembwe unapomwaga tope ziwani wakati wa mvua, maji machafu hung'aa kuliko maji safi na huweza kuikosesha hesabu. Na huko Rumonge, nchi ya mawese, kuna mtego mkubwa zaidi. Ziwa linapoingia katika shamba la michikichi, maji husimama mashinani na makuti hubaki juu yakiwa kijani kibichi. Setilaiti huona makuti. Programu huandika kwamba pale ni nchi kavu, nayo miguu ya mwenye shamba imo majini hadi magotini. Mtafiti aliyeketi mbali, asiyeijua michikichi, atachora ramani nzuri ya rangi mbili na itakuwa ya uongo.

Kuna na mawingu. Ziwa hupanda zaidi kuelekea mwisho wa masika, mwezi wa Aprili na Mei, na hizo ndizo siku ambazo anga letu limefungwa. Setilaiti hupita asubuhi kila siku bila kukosa, na kila siku huleta picha ya pamba nyeupe. Neno "kila siku" lisimdanganye mtu. Kwa majira hayo yafaa mwanafunzi ajifunze pia kusoma picha za rada za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu na hupatikana bure, ingawa setilaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku 12. Nazo zina hila yake: upepo ukilitibua ziwa, rada huweza kuyachukua mawimbi kuwa ardhi. Wakati wa kiangazi mawingu huondoka, ukaja moshi wa mioto ya nyika.

Dawa ya yote hayo ni ya zamani. Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba ramani isiyokanyagwa kwa miguu ni tetesi, na mwambao huu una kisa chake chenye kulithibitisha hilo. Wanajiografia wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama Rusizi hutoka katika Ziwa Tanganyika au huingia. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto huingia, lakini hawakufika mdomoni mwake, na ubishi ukaendelea. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini, wakautazama mkondo, ubishi ukaisha. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Leo pia mvuvi wa mukeke na ndagala anajua maji yalifika kwenye mti upi mwaka 2024. Mwanafunzi mwenye picha 30 za Rumonge na asiyemuuliza mvuvi huyo hata swali moja amejitwika kazi bure.

Nimewasikia watu wenye nia njema wakisema kwamba si salama kuwaachia vijana wa chuo watazame nchi kutoka angani, hasa sehemu za mpakani. Nawajibu kama mwanajeshi, na haya ni maoni yangu mwenyewe. Picha hizo huuzwa kwa yeyote mwenye fedha katika nchi yoyote. Kumzuia mwanafunzi wa Bujumbura asizione hakumzuii mgeni hata mmoja. Kunatufanya sisi tu kuwa watu wa mwisho kuijua pwani yetu. Yapo mahali ya ulinzi ambayo si halali kuyaandikia tasnifu, na kwa hayo chuo kiweke kanuni iliyoandikwa, mwanafunzi aisome na aitii. Ukingo wa ziwa, bandari ya wavuvi na shamba la michikichi havimo katika siri hizo.

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, kina walimu wa jiografia na wa sayansi wanaoweza kuibeba kazi hii. Ombi langu kwao ni kwamba somo hili lisiachwe kwa juhudi ya kijana mmoja mmoja anayejifunza usiku kwa simu yake. Programu ya QGIS ni ya bure, na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, mradi picha zimekwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo mahali penye intaneti nzuri, pawe chumba kimoja tu chuoni, picha za mwambao zichukuliwe kwa zamu, zihifadhiwe kwa tarehe kwa kadiri masharti yanavyoruhusu, na wanafunzi wote wa utafiti huo wajifunzie hapo. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, hushughulika na vipimo vya maji na mvua. Kimo cha ziwa kilichopimwa ndicho cha kulinganishwa na picha ya siku ileile. Kituo cha kanda cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya upimaji na ramani, kina Burundi miongoni mwa wanachama wake. Na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, ina makao yake papa hapa Bujumbura. Mstari utakaopimwa Rumonge kwa njia moja waweza kulinganishwa na wa Kigoma, wa Kalemie na wa Mpulungu, kwa kuwa maji ni mamoja.

Haraka ina sababu yake. Mlango unaofunguliwa kwa hisani hufungwa pia kwa hiari ya mwenye nyumba. Kuanzia mwaka 2020 serikali ya Norway ililipia picha za kila mwezi za nchi za tropiki, mtu yeyote akazitumia bure. Mwaka 2025 mpango huo ukaisha. Waliokuwa wamekwisha kujifunza walihamia kwenye vyanzo vingine bila shida kubwa, maana hesabu ya kijani na infraredi ni ileile kwa setilaiti zote. Waliokuwa wakisubiri walibaki na habari kwamba kulikuwa na kitu kizuri.

Miezi ya Juni hadi Septemba, anga likiwa limekauka, ndiyo yenye picha safi, na ziwa huwa linateremka. Kikundi cha wanafunzi watano wenye kanda ya kupimia na simu yenye kusoma majira ya mahali kinaweza kupiga vigingi vyenye namba kuanzia maegesho ya mitumbwi ya Rumonge hadi kwenye michikichi ya mwisho, kikaandika umbali wa maji kutoka kila kigingi mara moja kwa wiki, saa nne na nusu asubuhi, muda ambao setilaiti hupita. Mvua za Novemba zikianza, vigingi vitakuwa vimeshasimama, na aliyechora ukingo kwenye kompyuta atakuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye kiwanja.