Wimbi wa Kinoo: Nafasi, Mbolea na Maji

Baadhi ya mama zetu waliohamia Kinoo kutoka Lamu na Malindi wametuuliza kwa nini wimbi wao, wanaoumwagilia maji ya kisima na kuutilia mbolea ya dukani kila mwezi, hutoa majani tele na masuke haba, kisha hulala chini upepo ukivuma. Fedha za mbolea hiyo, wasema, zimetolewa katika karo ya watoto. Swali la namna hii halifai kuwekwa kiporo.

Kwanza nafasi. Mbegu ikimwagwa kama chakula cha kuku, miche hubanana, kila mmoja hulikimbilia jua, na mashina huwa membamba. Mistari na iachane sentimita 30. Baada ya wiki mbili au tatu miche ipunguzwe hadi ibaki sentimita 10 baina ya mche na mwenziwe. Mkono huona huruma kung'oa mche wenye afya, twalijua hilo, ila kuuacha ni kuwadhulumu waliosalia. Tena wimbi una nduguye wa mwituni afananaye naye utotoni, hata mpaliliaji mzoefu hukosea. Penye mistari, aotaye nje ya safu hujulikana kuwa ni mgeni.

Ama mbolea, DAP hutiwa siku ya kupanda, ikachanganywa na udongo isije ikaiunguza mbegu. CAN hufuata baada ya kupunguza miche na kupalilia, nayo iwe kidogo. Naitrojeni ikizidi, shina hurefuka pasi na nguvu. Na kwa kuwa huyeyuka upesi, maji mengi huiteremsha chini ya mizizi: amwagiliaye kupita kiasi amenunua mbolea ili aizike.

Udongo mwekundu wa pande hizo una tindikali na huizuilia mimea fosforasi. Hapo jirani Kabete, maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo imeendesha jaribio la mahindi na maharagwe tangu mwaka 1976, na samadi ikiandamana na mbolea ya dukani imeishinda mbolea peke yake. Mahindi si wimbi, lakini udongo ni wa aina ile ile. Kabla ya kununua mfuko mwingine, pelekeni udongo wenu ukapimwe.

Waliouliza habari za zaka, nafaka ya mvua hutolewa sehemu ya kumi, na inayomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo, ikitimia wasaki tano, yaani zaidi ya kilo 600. Kiwanja cha nyuma ya nyumba hakifiki huko. Hicho ni cha uji wa watoto.