Fundi, usikwaruze vigae vya zamani

Ewe fundi unayesugua au kung'oa vigae vya plastiki katika ofisi, shule na hospitali za zamani, vumbi unalolipuuza laweza kuwa na asbesto. Zamani madini hayo yalitiwa katika vigae na katika gundi ya kuvibandikia ili viwe imara. Kenya iliyapiga marufuku mwaka wa 2006, lakini majengo ya kabla ya hapo yangalipo.

Kigae kizima hakina hatari kubwa. Balaa huanza kinapovunjwa, kukatwa au kusuguliwa kwa mashine kikiwa kikavu. Nyuzi zisizoonekana kwa macho hupeperuka, nawe ukazivuta hadi mapafuni. Saratani ya mapafu, au ya utando unaoyazunguka, yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mvuta sigara yumo hatarini zaidi.

Kitambaa puani hakizuii nyuzi hizo. Ukirudi nyumbani na nguo za kazi, mkeo na watoto watazivuta pia.

Kwa maoni yangu, mzigo huu si wa kibarua. Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari za kazi na kumpa vifaa vya kujikinga. Basi mwenye jengo avipime vigae kabla ya kuamuru ving'olewe. Kama ni vizima, aviache au avifunike.

Nawe ukisumbuliwa na kikohozi kisichokwisha, mweleze daktari kazi uliyowahi kufanya, hata kama ni ya miaka mingi iliyopita.