Mwinda ni taa: imulike hata kwa mama wa kambini

Wasikilizaji wetu wa Mahagi-Port, na ninyi ndugu mliokimbia vita, leo tuseme wazi.

Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilianzisha ANSER, shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini. Kuna na Mfuko wa Mwinda, wa kusaidia kulipia miradi hiyo. Mwinda kwa Kilingala ni taa. Jina zuri. Lakini taa ya nani?

Pesa ya namna hii hufuata mwenye kampuni, mwenye dosie iliyopigwa muhuri Kinshasa. Mama aliyekimbia Djugu hana dosie. Ana mafiga matatu na watoto wenye njaa. Kuni zikiisha, anaingia porini penye watu wenye silaha. Jiko la udongo linalokula kuni kidogo lingempunguzia safari hizo. Huo nao ni mradi wa nishati, tena wa bei ndogo.

Wengine watasema: kwanza usalama, nishati baadaye. Nakataa. Kwa mama huyo, usalama unaanzia jikoni.

Tunadai mambo matatu. Pesa iliyopangiwa Ituri ibandikwe ukutani, hata sokoni, kila mtu asome. Majiko yahesabiwe pamoja na sola. Na kwenye orodha, kambi na materniti zitangulie.

Mheshimiwa akifika bandarini kuomba kura, mpeni kiti na maji. Kisha mwulizeni: Mwinda wetu uko wapi?