Simu na Mkasi Havikai Mkono Mmoja



Sisi wenye maduka ya kushona tunasema wazi: simu haina nafasi kwenye meza ya kukatia, wala kwenye darasa la ushonaji. Ikae kwenye droo mpaka wakati wa mapumziko. Tutaitwa wakali, na iwe hivyo.

Fundi akishona huku anatazama video, mshono unapinda. Huo unafumuliwa. Lakini akikata lesi ya biharusi huku anajibu ujumbe, akapunguza inchi mbili kifuani, maji yameshamwagika. Kitambaa kimetoka Dubai, harusi ni Ijumaa. Utamwambia nini mwenyewe? Mshika mawili, moja humponyoka.

Kubwa zaidi ni sitara. Kwenye chumba cha kupimia biharusi anavua buibui na mtandio, mabega wazi, kwa kuwa sote ni wanawake. Fundi akipiga picha ya shela kujisifia, na biharusi anaonekana kwenye kioo, akaiweka status, itawafikia wasio maharimu wake hata hajamaliza kuvaa. Hiyo ni amana iliyovunjwa, na haifumuliki kama mshono.

Wako wanaosema mitindo yote imo kwenye simu. Kweli. Basi mteja atuonyeshe picha siku ya kuagiza, tuchore, tuandike vipimo daftarini, simu irudi mkobani. Na mtoto akiugua shule? Simu ya duka ipo mezani, ikilia itapokelewa na mama ataitwa.

Darasani ndiyo kabisa. Msichana anarekodi mwalimu anavyokata kola badala ya kukata yeye. Anamaliza kozi simu imejaa video, mikono haijui kitu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 kuzuia simu shuleni kwa wanafunzi wa msingi na sekondari ya chini. Sisi tunaofundisha kazi ya mikono tunangoja nini?

Na sharti lianze na sisi wenye duka. Bosi anayechati mbele ya mafundi hana la kuwaambia.

Nawe biharusi, ukienda kupimwa, uliza kwanza: simu zinakaa wapi? Wakikucheka, chukua kitambaa chako uondoke. Fundi wa kushona yupo kila mtaa. Heshima yako ni moja tu.

Wabillahi tawfiq.