Baba, weka fagio chini

Popo akionekana darini hapa Matisi, kelele huanza: "Marburg!" Baba hushika fagio, watoto wakamfuata mbio.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 1980, na tena 1987, mgeni aliyezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, aliugua Marburg akafa. Lakini wabebaji wa virusi hivyo ni popo wala matunda wa mapangoni. Wale wadogo wa darini hula wadudu, mbu wakiwemo.

Tena kuua si dawa. Kule Kitaka, Uganda, popo waliangamizwa mgodini baada ya Marburg ya 2007. Wengine walipohamia, kiwango cha walioambukizwa kati yao kilikuwa kikubwa zaidi.

Basi ngojeni watoke jioni, mzibe tundu. Mtoto aking'atwa, osheni kidonda kwa sabuni, mkimbilie hospitali siku hiyo hiyo.