Staa, Mgongo Wetu Sio Tangazo Lako

Wadau wa Waja Leo, leo sipepesi macho.

Kuna staa mmoja, jina namwachia mwenyewe, kila nikiingia mtandaoni namkuta kalala kifudifudi, sindano zimemjaa kiunoni, nyaya zinaning'inia, kamashine kanawaka taa. Chini kaandika eti umeme unafufua mishipa iliyokufa, wahi ofa. Likes kama mvua.

Sina ugomvi na sindano za Kichina. Madaktari wa China wako Zanzibar tangu 1964, na akupancha sio uchawi. Sindano nyembamba zinapitishiwa umeme mdogo, unasikia msuli unarukaruka. Umeme ule unaigutua mishipa ya fahamu, taarifa inapanda uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo, mwili unamwaga endofini, yaani dawa ya maumivu unayojitengenezea wenyewe. Ndo maana mtu anashuka kitandani anacheka.

Ila kutuliza maumivu sio kufufua mshipa! Ukimfunga mbwa mdomo, mwizi hajaondoka uani.

Na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Uingereza 2016, mwongozo wa NICE ulisema wenye maumivu ya kiuno wasipewe akupancha. Marekani 2017, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani kikaiweka kwenye tiba za kujaribu kabla ya vidonge. Sasa wewe staa, huo uhakika wa asilimia mia umeutoa wapi? Kwenye bahasha?

Kinachoniuma ni hiki. Jamaa wa mtaani kwetu Ngamiani, mbeba mizigo, kiuno kilimtesa. Akaona video, akauza simu, akachomwa wiki tatu. Nafuu siku mbili, maumivu yanarudi. Usiku jasho linamtoka, mwili unaisha. Kuja kupimwa hospitali: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na dawa za TB hospitali za serikali zinatolewa bure! Bure, jamani. Kauza simu kununua nafuu ya siku mbili, huku ugonjwa unamla mfupa.

Kwa hiyo pima kwanza, sindano baadaye. Miguu ikikosa nguvu, ganzi ikishika mapajani, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, usisubiri kesho, hospitali siku hiyohiyo. Una betri ya moyo au mimba? Sema kabla hujalala kitandani. Uliza kama wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na sindano mpya zifunguliwe ukiona kwa macho yako.

Na wewe staa, umelipwa? Sema umelipwa. Ukiumwa wewe una pesa ya kwenda kupigwa picha popote. Huyu wa Ngamiani alikuwa na simu tu, na ndo hiyo mmemlia.

Nani mwingine kaingizwa mjini na hizi ofa? Tupia hapo chini, bila kutaja majina.